Tawi la Kasongo

Jumatatu, 27 Machi 2017
Mikanda ya walinzi wa maandamano, nusu bado. Kitambaa cha njano kinateleza, cherehani inakula uzi. Pasta amepita. Polisi wamekubali tuandamane Jumapili ya Mitende, kutoka Doornfontein hadi kanisani Jeppestown, ila kwa njia ya hosteli ya vibarua Wazulu tu. Kwingine barabara imechimbwa. Mimi ndiye mkuu wa walinzi, eti kwa sababu najua Kizulu. Njia ya hosteli! Penye ile roboti, taa za magari, wachukia wageni walipomuua mdogo wangu Kasongo, miaka miwili sasa, akitoka zamu na sare yake ya ulinzi. Tangu hapo nazunguka mbali. Nimekasirika.

Saa kumi jioni nimesikia viatu vya Kasongo vikipanda ngazi tena, kama kila siku. Vinafika katikati, vinanyamaza. Sijamwambia mtu.

Jumamosi, 1 Aprili
Nimekagua njia na Sajenti Nomusa, mama wa makamo, wa polisi. Kwenye roboti nikageuka nirudi. Ikabidi nimweleze. Akauliza kama kuna aliyekuja kumchukua. Nikamwambia tulimzika vizuri, pasta aliomba. Akatikisa kichwa. Kwao Wazulu mtu akifia njiani, wa nyumbani anakwenda pale pale na tawi la umphafa, mti wa miiba. Anamwita kwa jina, anaondoka naye. Njiani hasemi na mtu yeyote mpaka afike. La sivyo marehemu anabaki barabarani.

Nimeudhika. Sisi Waprotestanti hatuongei na wafu. Lakini zile ngazi.

Alhamisi, 6 Aprili
Sajenti amepiga simu. Hosteli wamesikia wageni wanakuja na ngoma, hawataki. Polisi watakuwepo, ila tusibebe fimbo hata moja, na tukitupiwa jiwe tukae chini wote. Pasta anasema Mungu atatangulia. Sawa. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Naogopa kuzika mwingine. Sijala.

Jumapili, 9 Aprili
Nimechoka, ila niandike.

Asubuhi Doornfontein, mitende hakuna. Wanakwaya wameikosa sokoni, wakakata matawi kando ya reli. Yana miiba. Kila mtu ameshika lake. Sajenti akayatazama, akanivuta pembeni: ni umphafa. Eish. Nikataka yatupwe yote, hosteli wataona tunawadhihaki. Pasta akasema muda umefika. Ngoma ikaanza.

Hosteli, wanaume wamejaa kando ya ukuta, wengine na fimbo. Polisi wamesimama katikati yetu na wao. Ngoma ikafa yenyewe. Nikasubiri jiwe. Mzee mmoja akaangalia matawi, akavua kofia. Wa pembeni yake naye akavua. Fimbo zikashuka. Walidhani tumekuja kuwachukua marehemu wetu.

Kwenye roboti nikasimama, tawi langu mkononi. Nikasema kwa sauti, pasta akisikia:

"Kasongo, mdogo wangu, ni mimi. Twende nyumbani."

Kisha nikafunga mdomo. Pasta ananiuliza kuna nini, simjibu. Walinzi wangu wanauliza wageukie wapi, siwajibu. Mkuu wa walinzi bubu! Sajenti akaelewa. Akawaamuru askari wake wawafikishe watu kanisani. Yeye akanitangulia mimi, anasimamisha magari, anawafukuza wenye maswali. Mpaka mlango wa chini, nyumbani kwangu. Hakuniaga, nami sikumshukuru. Ndivyo inavyotakiwa.

Jumatatu, 10 Aprili
Pasta amekuja. Nilidhani atagomba. Ameketi, amelitazama tawi pembeni ya cherehani, amekunywa chai, ameondoka.

Saa kumi nimeacha kushona nisikilize. Ngazi kimya. Miaka miwili nimeomba vile viatu vinyamaze, na leo vimenyamaza, nimelia sana.

Halafu nimemimina chai kikombe kingine, nikakiweka upande wa tawi. Sukari nyingi, anavyopenda.