Mwinu wa Munyaka

Munyaka, 3 Machi 2024

Ciku binti yangu,
Joto la Doha linakutendeaje? Huku ni heri, ila goti langu linalalamika mvua ikikaribia.

Yale maua ya rosi uliyosema, sikununua. Nilienda kando ya mto Sosiani nikang'oa miche ya mwinu, nikaipanda kutoka getini hadi mlangoni. Sasa imenipita kimo. Maua ni ya manjano, yamesimama wima, na ukigusa majani yananukia njugu. Tangu mama yako atuache sijapata kitu cha kunitoa kitandani mapema hivi.
Baba yako

Doha, 5 Machi 2024

Baba mpendwa,
Pole na goti. Ile dawa ni ya kupaka, si ya kuweka dirishani.

Lakini Baba, mwinu? Hicho ni kichaka cha mtoni! Tarehe kumi na sita wazee wa mchumba wangu Kimaiyo wanatoka Plateau kuja kuniposa, na unataka wapite msituni? Tafadhali kata. Na usianze siasa za zamani na babake, Mzee Johnstone. Nasikia naye ni mgumu.
Mtoto wako, Ciku

Munyaka, 17 Machi 2024

Ciku,
Mwili ni mzima. Roho ndiyo mgonjwa.

Sikukata hata tawi. Mzee Johnstone alifika getini akachuma jani, akanusa, akawaita wenzake: "Senetwet!" Ndivyo wanavyouita mwinu kwao. Nikaona amefurahi, nikasema, "Karibuni, jisikieni nyumbani." Nikaingia kuwaambia akina mama wa kanisa wapakue chakula.

Kutoka nje, mwinu wangu wote uko chini! Wameufunga mizigo, wanapakia kwa buti ya gari. Mzee ananishika mkono, ati hajawahi kuona mkwe wa kumpandia miti ya kusafishia vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya kugandisha. Nimebaki na visiki! Nikamwambia, "Umeshachukua maua yangu, binti hupati." Wakaondoka bila kula.
Baba yako

Doha, 18 Machi 2024

Baba,
Leo sikusalimii.

Umevunja posa yangu kwa sababu ya kichaka? Kwao mursik haitengenezwi bila huo mti. Mzee alidhani umempa heshima, na wewe ndiye ulimwambia ajisikie nyumbani! Kimaiyo haongei na mimi. Mama angekucheka mpaka akae chini, halafu angekutuma Plateau.
Ciku

Doha, 20 Aprili 2024

Baba,
U mzima kweli? Mwezi mzima kimya, na simu hushiki. Jirani yako Sharon anasema geti limefungwa tangu Alhamisi. Nimekosea kukuandikia vile. Hata kama hutaki harusi, niambie tu uko wapi.
Mtoto wako, Ciku

Plateau, 21 Aprili 2024

Ciku wangu,
Usilie. Simu ilizima, na hapa kila mtu ana chaja ya aina nyingine; leo ndipo nimepata inayoingia.

Mzee Johnstone alikuja Munyaka peke yake na kibuyu cha mursik, akaomba radhi. Kikombe cha kwanza nilikunywa kwa hasira. Cha pili sikuwa na hasira. Nikamuuliza mbona yeye hajapanda mwinu wake, akasema kwao hakuna anayepanda, unakata tu porini. Uvivu gani huo! Nikapanda gari lake nije nimwonyeshe.

Sasa tunagombana. Mimi nataka upandwe mbele ya nyumba uonekane ukichanua, yeye anataka nyuma, karibu na ng'ombe. Mama Kimaiyo amesema tukiendelea kupiga kelele tutalala na hao ng'ombe.

Ile habari ya posa, kusema kweli tumeisahau. Kesho nitamkumbusha, tukimaliza mashimo.
Baba yako