Shimo Ulilokuwa Ukinioshea Kila Jumatatu

Baba,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuitikia, lakini ndivyo ulivyonilea, na nikianza bila salamu mkono hautaandika.

Tangu juzi sikai nikatulia. Nimefagia nyumba mara mbili, nimeinjika wali nikausahau motoni.

Unaikumbuka ile bustani ya matete nyuma ya hoteli ya Diani, uliyokuwa ukiitunza? Maji taka ya jikoni na vyooni yaliingia upande mmoja, yakapita polepole kwenye changarawe na mizizi, yakatokea kwenye shimo upande wa pili kuelekea baharini. Baada ya zile mvua za El Nino nilikuja kila Jumatatu na chupa mbili, moja ya maji yanayoingia, moja ya yanayotoka. Nilipima matete yamenyonya kiasi gani cha naitrojeni na fosforasi, ile mbolea inayostawisha mwani mpaka ukasonga matumbawe. Ukanicheka. "Mwanangu kasoma mpaka chuo kikuu, karudi kuchota maji ya choo!" Kisha unanishikia kifuniko, uso umejaa fahari.

Matokeo yalikuwa mazuri ajabu. Nikaandika ripoti, nikapigiwa makofi. Sasa hoteli nyingine yataka kujenga bustani kama ile kwa kufuata vipimo vyangu.

Juzi mama, katika kukukumbuka tu, akasema: "Babako Jumatatu hata chai alikuwa hanywi. Awahi kazini aoshe lile shimo la kutokea maji, alijaze maji safi ya bomba. Akisema, leo mwanangu yuaja, asikute uchafu."

Kumbe! Ulifanya vilevile ulivyofanya uani siku ya mgeni, unafagia, unanyunyiza maji. Nami nikayachota maji yako ya bomba, nikayaita kazi ya matete. Sikukuuliza hata siku moja mbona shimo halina harufu. Nimekukasirikia, nikalia, nikakukasirikia tena. Lakini kosa ni langu mimi niliyesoma.

Leo nimewaandikia wale wa hoteli wasijenge kwanza. Huenda matete yanafanya kazi, huenda hayafanyi. Sijui, na kutojua huku hakunipi raha.

Jumatatu narudi pale na chupa zangu. Shimo nitalikuta lina utando na harufu, kama nilivyopaswa kulikuta siku zote. Hapo ndipo nitakapoamini kwamba wewe hupo tena.

Mungu akulaze pema, baba.

Ni mimi, binti yako mchota maji