Kengele Mbili, Baiskeli Moja

Dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umeanza kukuonea huruma. Shemeji hajambo? Na mapacha, bado wanang'atana au wameshakua? Sisi huku wazima. Mama hajambo, ila ana mchubuko kwenye kiwiko cha kushoto na mwingine mahali ambapo amenikataza kukuandikia. Baba naye hajambo, na hilo ndilo hasa lililoniketisha kuandika, maana miezi minne iliyopita nisingeweza kusema Baba hajambo bila kudanganya.

Najua Mama alikwambia kwenye simu kwamba Baba aliteleza bafuni. Hakuteleza. Alipanda baiskeli.

Macho yake sasa yanaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi. Lakini miaka thelathini na moja ya kusoma mita za maji, nyumba kwa nyumba, kwa baiskeli ileile, imemwachia ramani kichwani, naye akajiaminisha kwamba ramani haihitaji macho. Asubuhi moja, Mama akiwa kwenye cherehani, mzee aliitoa baiskeli taratibu, akaipanda, akaenda zake. Na alifika mbali, Dada, haki yake tumpe. Alikata kona ya shule, akavuka daraja dogo, akapiga kengele mlangoni kwa muuza mkaa kama zamani, na watu wakampungia mikono bila kujua kwamba wanayempungia hawaoni. Aliyemponza ni kinyozi. Siku hizi kinyozi ametoa benchi lake nje, chini ya turubai, na kwenye ramani ya Baba benchi hilo halipo; akalivaa zimazima. Mteja aliyekuwa amekalia benchi alikuwa amenyolewa upande mmoja tu. Alisimama akaondoka hivyo hivyo, na kwa siku tatu alionekana mitaani amevaa kofia, akiipitia mbali kona ya kinyozi.

Baba hakuvunjika kitu. Baiskeli ndiyo iliyokunjika kama karatasi. Mama aliniagiza niipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu siku hiyohiyo, nami nikaipeleka bila ubishi. Ungemwona uso wake siku ile, nawe usingebisha.

Hapo ndipo nyumba ilipoharibika. Tangu macho yaanze kufifia, lile dirisha la sebuleni lilikuwa ofisi ya Baba. Baiskeli ikipita nje anaisikiliza, halafu anampigia mwenyewe kelele: mnyororo umekauka huo, tia mafuta; gololi za nyuma zimekwisha hizo, mpelekee mwanangu. Nusu ya wateja wangu walitumwa na dirisha lile. Na redio unajua alivyokuwa akigombana nayo. Baada ya ajali yote hayo yakakatika. Baiskeli zilipita zikilia kama paka, Baba kimya. Chakula anaonja, anasukuma sahani. Siku moja msomaji habari alisema "maji imekatika", akarudia tena, "maji imekatika", na Baba, mtu wa maji, akanyamaza. Mama aliacha kushona akanitazama. Tukajua kwamba mzee anaumwa kweli.

Wiki iliyofuata Mama alikuja karakanani kwangu. Wewe unajua kwamba haji, kwa sababu grisi na nguo zake hazijawahi kupatana. Alikuja na futi yake ya ushonaji shingoni, akatandika gazeti juu ya rundo la matairi, akakaa, akasema anataka baiskeli ya watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa mbele ni yeye. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba hajawahi kupanda baiskeli hata ya kuegeshwa. Akajibu kwamba amekanyaga cherehani miaka arobaini, na tofauti pekee anayoiona ni kwamba cherehani haiendi mahali. Nikaanza kumweleza ugumu wa kazi yenyewe. Akanikata.

"Sikuja kuuliza kama inawezekana," alisema. "Nimekuja kupimwa."

Basi nikampima, kwa futi yake mwenyewe.

Kazi yangu unaijua: tunaanza na fremu tupu, halafu tunachagua kimoja kimoja mpaka baiskeli imkae mwenyewe kama nguo. Nimeshawaundia watu wagumu. Niliwahi kumuundia mpiga tarumbeta aliyetaka usukani usiomkunja kifua. Lakini mteja kama Mama sijapata. Kila kifaa alikisugua kati ya vidole viwili kama anayepima kitambaa. Matandiko aliyakataa matatu, la nne akaondoka nalo nyumbani akalikalia siku nzima akishona, ndipo akalikubali. Madigadi alitaka mapana, yasimchafulie gauni. Rangi alitaka ile ya mapazia ya sebuleni, na fundi wa rangi alipomwambia hayakumbuki, aliyashusha akampelekea. Breki alitaka tatu. Nikamuuliza ya tatu ni ya gurudumu lipi. Akasema si ya gurudumu, ni ya wasiwasi wake, nami nijue mwenyewe pa kuifunga.

Magurudumu niliyasuka kwa spoki arobaini kila moja, maana Baba ameongezeka uzito kwa miaka ya kukaa dirishani. Gia ndizo zilizotugombanisha. Mama hakuzitaka kabisa, akidai hawezi kuamua mambo mengi kwa wakati mmoja. Nikamwonyesha kile kilima cha hospitali. Tukakubaliana ziwepo tatu tu, na kishikio chake kiwe nyuma, mkononi mwa Baba. Wakati ule niliona ni suluhisho zuri. Ni kwa sababu sikuwa nimefikiria Baba akiwa na kitu mkononi na Mama hakioni.

Kuunganisha fremu mbili ziwe moja ilikuwa kazi ya jirani yangu, yule mchomeleaji tunayemwita Cheche. Na wakati Cheche anachomelea, mimi namfundisha Mama kwa baiskeli ya kawaida kwenye uwanja wa shule, asubuhi kabla wanafunzi hawajafika. Alijishonea suruali ya kuvaa chini ya gauni, magotini kaweka pamba kama mto. Mimi nashika tandiko nyuma, nakimbia, nahema. Siku ya tano aliniambia sasa nimwachie. Nikamwambia nilimwachia tangu juzi. Akaanguka palepale. Siku ya tisa alizunguka uwanja mara sita bila kugusa chini, na mlinzi wa shule, ambaye hajapata kumsifu mtu, alisimama.

Ikabaki kazi ya Baba. Nilipoileta baiskeli nyumbani alikuwa kitandani, kageukia ukuta. Mama akamweleza. Akasema yeye si gunia la viazi, hawezi kubebwa mitaani aliposoma mita miaka thelathini na moja.

"Gunia halikanyagi pedali," Mama akamwambia. "Wewe ndiye injini. Mimi ni dereva tu."

Baba akauliza dereva huyo leseni kaipata wapi.

Hilo, Dada, ndilo lililokuwa swali lake la kwanza kwa wiki tano. Mama alitoka nje akajifanya anaanua nguo, na kambani hapakuwa na nguo.

Aliondoka kitandani kesho yake. Alivaa viatu vyake vya kazi, akaipapasa baiskeli yote kuanzia mbele mpaka nyuma, taratibu, kisha akapanda. Mimi nikawa nakimbia pembeni. Mita mia za mwanzo zilikuwa mbaya. Usukani wa nyuma umefungwa, haugeuki, ni wa kushikia tu. Baba alijaribu kuugeuza, ukakataa, akaniita fundi mbovu mbele ya watu. Halafu akaanza kuelekeza kwa ramani yake. Mbele kuna shimo, pinda kushoto. Mama akamjibu kwamba shimo lilizibwa kabla mimi sijaota ndevu. Pinda, pana mti. Mti ulikatwa. Hapa punguza, pana mbwa mkorofi. Mama alikuwa anafungua mdomo kumwambia kwamba mbwa alikufa zamani, na mbwa akatoka. Mjukuu wa yule wa kwanza, nadhani, lakini roho ni ileile. Baba akabadilisha gia bila kuaga, Mama akapiga yowe, wakampita mbwa kama upepo, nami nikabaki naye.

Nilipowafikia walikuwa wanapita kwa mwenye bucha. Yule bwana alikuwa amesimama langoni na mswaki mdomoni. Kumwona Baba juu ya baiskeli, akaingia ndani mbio akabamiza geti na kulifunga komeo. Miaka kumi Baba amestaafu, lakini mtu aliyewahi kuficha bomba la pili, lisilopita kwenye mita, nyuma ya banda la kuku hasahau. Baba alisikia komeo likiingia. Akauliza, "Hapa si kwa mwenye bucha?" Mama akasema ndipo. Basi mzee akacheka. Dada, akacheka mpaka baiskeli ikaanza kuandika nane barabarani, Mama anamfokea atulie, naye anazidi, na mimi nyuma yao nimeshika mbavu sijui kama nacheka au nalia.

Sasa wanatoka kila asubuhi. Kila mmoja ana kengele yake, ya Mama nyembamba, ya Baba nene, na wamefikia mahali wanagombana kwa kengele bila kusema neno. Kinyozi akizisikia hulivuta benchi ndani pamoja na mteja aliyelikalia. Baba anakula. Jana alimsahihisha msomaji habari mara nne, na ya nne, mimi naona, alimwonea.

Ungekuwa mtu mwingine ningeishia hapo na kukutakia heri. Lakini Mama amenipa mpaka Ijumaa nikuandikie mwenyewe, la sivyo atakupigia simu, nawe unajua yeye hukieleza vipi kisa ambacho mkosaji si yeye.

Nimekueleza breki, spoki, gia, mpaka mapazia. Fremu nimeiruka. Baiskeli ile ina fremu mbili. Ya mbele ilitoka kwa muuza mikate, aliyeacha baiskeli akanunua pikipiki. Ya nyuma niliitafuta wiki tatu. Bomba zake zilitakiwa ziwe nene sawa na za mbele, chuma kizuri cha zamani, na isiwe ndefu, ili miguu ya Baba ifike chini, maana haoni. Kila niliyoipata ilikuwa na kasoro. Siku moja Cheche alirudisha shingo nyuma akatazama juu darini, akaniuliza, na ile iliyofungwa shuka ni ya nani?

Ni yako, Dada. Ile niliyokuundia ulipoanza kazi, ya kwanza kabisa niliyoianza kutoka fremu tupu, ambayo siku unaondoka ulinishika sikio, mtu mzima mimi, ukaniambia ukirudi uikute. Nilimwambia Cheche hapana. Siku mbili nilifanya kazi bila kuinua macho. Siku ya tatu nilipita nyumbani mchana, nikamkuta Baba amekaa mbali na dirisha, mikono mapajani. Nikarudi nikaishusha. Sikutumia mashine. Niliikata kwa msumeno wa mkono, polepole, ili nipate muda wa kuacha. Sikuacha. Samahani, Dada.

Mama alijua baadaye. Baba alijua kabla hajapanda. Ile asubuhi aliyoipapasa baiskeli yote, mkono wake ulifika chini ya tandiko la nyuma ukasimama. Unakumbuka ulivyokwaruza pale kwa msumari neno USIGUSE? Nilimwomba fundi wa rangi aliache wazi, sikuwa na uso wa kulifunika. Kidole cha Baba kililisoma herufi moja moja mpaka mwisho. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada yako anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi una kazi," akapanda.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kasirika vya kutosha, kisha unipimie urefu wa mguu wako kutoka kinena mpaka kisigino, maana nina fremu tupu nimeiweka kando, nzuri kuliko ile, na sitaifunga hata nati moja kabla hujachagua mwenyewe.

Baba amenisikia nikisoma sehemu hii kwa sauti, na anasema nisikupotezee muda na fremu mpya. Anataka nikuulize unakuja lini, ili Cheche aiongeze ileile urefu na wewe ukae katikati. Cheche anasema inawezekana. Mama anasema hapiti kona yoyote ya mji huu na watu wawili wanaomwelekeza nyuma yake. Wameanza kubishana tena, na nimetazama huku na huku nikagundua kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza kama utakuja. Wanachogombea ni utakaa wapi.

Msalimie shemeji, na mapacha wabusu kila mmoja mbali na mwenzake. Mgongo uukande kwa maji ya moto. Majirani wote wanakusalimu, isipokuwa mwenye bucha, ambaye bado hajafungua geti.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kosa,

Fundi