Mlango wa Foreman

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Duka la Rangi.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Basi pale simu ilipokatika, nilikuwa ndiyo kwanza nataka kukuambia kwamba kila asubuhi mume wangu ananichemshia chai mwenyewe, na kikombe hukishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga. Shikamoo, Shangazi wangu. Magoti yanaendeleaje? Sisi tu wazima. Ndoa ina miezi miwili na bado nikisikia viatu vyake ngazini moyo unanidunda.

Ulitaka kujua tunafanya kazi gani. Yeye, kama ujuavyo, ni mwandika mabango. Mimi namchanganyia rangi na kumshikia uzi wa chaki wa kunyooshea mistari. Sasa kiwanda kimoja cha nyuzi kimetupa kazi ya kuandika upya mabango yake yote ya Kiingereza. Wakubwa hawataki tena maneno yanayomtaja mwanamume peke yake. Chairman tumemfanya Chairperson. Ukutani kwenye mashine paliandikwa kila mfanyakazi avae kofia yake, na hiyo "yake" ilikuwa his, ya mwanamume, wakati wanaosimama pale ni wanawake watupu. Tumeweka their, ya kila mtu. Nilicheka sana. Kwetu "yeye" anamtosha kila mtu. Wenzetu lazima wamkague mtu kwanza ndipo wamvike kofia.

Balaa ni mlango mmoja, wa msimamizi, ulioandikwa Foreman. Mume wangu alilifuta neno hilo akaandika Supervisor, herufi zimenyooka kama meno ya chanuo. Kesho yake tukakuta mlango mtupu, na rangi iko chini, imekuwa unga, imefagiliwa ikawa kilima kidogo kando ya kizingiti. Akaandika tena. Tukakuta vilevile. Mlinzi anaapa hakupita mtu, na ufunguo haumtoki shingoni.

Mara ya tatu, mkono wa kulia wa mume wangu ukapoa. Sisemi kuchoka, Shangazi. Ulikuwa baridi kama bomba la chuma, kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko, na brashi ikawa inamponyoka. Mkono ule ndio jembe letu.

Kuna mama wa siku nyingi kwenye mashine, wanamwita Sindano. Alitutazama akatikisa kichwa.

"Bibi harusi, mwambie bwanako aache ubishi. Mlango huo una mwenyewe."

Akanieleza kwamba mwanamke mmoja tu ndiye aliyewahi kuupata mlango huo pamoja na cheo chake, akakaa nao miaka ishirini na sita. Alipopandishwa cheo, wakubwa walitaka kumtafutia neno la kike, akawajia juu: "Wanaume mliwapa neno zima, mimi mnanishonea kiraka?" Akabaki Foreman mpaka alipofia mezani, humo chumbani, kalamu mkononi.

"Sasa tufanyeje?" nikamuuliza.

"Mmefuta cheo cha mtu bila hata hodi, halafu unaniuliza mimi."

Siku iliyofuata, wenzetu walipokwenda kula mchana, nilirudi peke yangu. Nikabisha hodi. Nikakiamkia chumba kitupu: shikamoo, mama. Nikaeleza kwamba mwezi ujao anaingia msichana humo kuwa msimamizi, naye anahitaji neno litakalomtosha yeye na yeyote atakayemfuata. Kisha, kwa jinsi ninavyompenda mume wangu, nikaropoka: kama ni lazima mkono, chukua wangu, wake niachie.

Ndani, kiti kikasogea.

Mume wangu akaandika tena Supervisor jioni ile ile, kwa taabu. Leo ni siku ya nne na neno halijafutika. Asubuhi ya kwanza aliamka mkono una joto, akanishika shavu, nikalia kwa furaha. Hajui nilichosema, na wewe usimwambie.

Usishangae mwandiko huu. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nisalimie Kaka Mrefu, Bibi Kicheko na mjomba fundi saa. Mungu akuzidishie siku zenye wepesi. Kabla mwezi haujaisha tutakuja, Shangazi. Wewe uliyeuguza watu miaka thelathini, utanishika huu wa kulia uniambie kama umepoa kweli, au ni mawazo yangu tu.

Mwanao akupendaye, ambaye sasa ni mke wa mtu