Kofia ya Tembo

Baba Dorika,

Viazi vimo chunguni, mbuzi nimemfunga nyuma ya mianzi. Nimekwenda kijijini Yakobi kumwona mama, nikitoka huko naingia darasani kwetu watu wazima moja kwa moja.

~~Kile kitabu cha picha kifiche juu ya kabati.~~ Kiache mezani.

Asubuhi, kwenye sala ya chakula, Dorika alikuwa anamwombea tembo wa kitabuni, ambaye kofia yake imechukuliwa na mto. Ukamkatiza: “Amina! Tembo gani huyo avaaye kofia?” Mtoto hakuugusa uji. Ukanicheka na mimi, mama mzima kusomea vitabu vya watoto. Mimi nimezoea.

Jioni mtakula wawili tu. Mwache aombe mpaka mwisho, kofia na yote, kisha uitikie Amina kwa sauti, akusikie.

Mama Dorika