Posa ya Madam

Jumamosi, 10 Mei

Madam ameingia kwenye joto. Mara yake ya kwanza. Nimemshonea chupi kutoka kwa soksi ya Mbuvi, akaivua kabla sijamaliza chai. Mbwa dume wa Gatina wote wamejipanga langoni, hata yule mweusi wa buchani mwenye ukubwa wa ndama. Madam mwenyewe anatosha kwenye karai.

Mbuvi amefurahi kuliko siku ya harusi yetu. Ameshampigia simu rafiki yake Omolo, kinyozi wa Laini Saba, aliye na dume wa Maltizi, aina ileile ya Madam. Anaitwa Chairman. Wanakuja kesho baada ya kanisa.

Nikamuuliza mume wangu, mbio za nini, huyu bado mtoto. Ndipo akaniambia. Mama Hope, mwenye ploti, hataki mbwa wa wapangaji kwenye nyumba zake. Madam aliruhusiwa kwa sababu Mbuvi alimwahidi mtoto wa kwanza atakayezaliwa na Madam. Aliahidi! Mimi nikiwa Lavington nafua nguo za watu. Kwa hivyo Madam asipozaa, anafukuzwa. Ndiyo hali.

Jumapili, 11 Mei

Wamekuja. Omolo kavaa tai. Mkewe Risper kabeba mkate, majani ya chai na sukari. Eti ni mzaha — lakini sukari ilikuwa kilo mbili. Chairman amenyolewa vizuri, na kuchorwa laini pembeni ya kichwa.

Mjomba Mutie naye akatokea. Hakualikwa. Yeye ndiye msemaji kwenye posa zote za Wakamba hapa Kawangware, na akiona watu wawili wamekaa upande huu na wawili upande ule, hawezi kujizuia. Akasafisha koo. Akauliza kama wageni wamepotea njia ama kuna kitu wameona. Omolo akajibu kwamba wameona ua. Ua lilikuwa chini ya kiti, linajilamba.

Tulicheka mpaka hapo. Halafu Mjomba akauliza anachouliza kila mara: kijana ni wa ukoo gani, na mama yake ni nani? Risper akaacha kucheka. Hata kwao Waluo swali hilo si la mchezo. Omolo akasema Chairman alimpata Lavington, kwa mtunza bustani mmoja, Gikonyo. Mama yake ana jicho moja.

Nikaweka kikombe chini. Hilo jicho lingine lilikwaruzwa na paka wa jirani, nikiwa palepale naanika mashuka. Na Gikonyo ndiye aliyenipa Madam, mtoto wa mama huyohuyo.

"Hawa ni ndugu," nikasema.

"Tumbo moja?" Mjomba akauliza.

"Tumbo moja."

Mjomba akasimama, akavaa kofia. Hapa hakuna harusi, akasema, chukueni sukari yenu.

"Wee Kathini, hii ni mbwa!" Mbuvi akaniambia. "Mbwa haina ukoo!"

Lakini Risper alikuwa ameshambeba Chairman. "Omolo, twende. Mimi sitaki chira kwa nyumba yangu, hata ya mbwa." Chira ni ile laana yao ya kuvunja mwiko. Omolo alimfuata na tai yake. Sukari iliondoka, mkate ulisahaulika mezani.

Jumatatu, 12 Mei

Mbuvi amenuna. Anakula mkate wa posa.

Jumatano, 14 Mei

Nimempeleka Madam kwa Daktari Nanyama, yule wa mifugo. Nilitaka tu anipe maneno ya kumjibu Mbuvi, kwamba ndugu hawazalishwi. Alinipa. Kasoro iliyojificha kwa wazazi hujitokeza kwa watoto, alisema. Nikaanza kuaga.

Akaniambia ngoja. Akamshika Madam mguu wa nyuma, akaukunja. Tak. Kifupa cha goti kikahama.

Akauliza kama huwa anaruka kwa miguu mitatu. Ndiyo, huwa. Sisi tulidhani ni madaha. Nimewahi kuwaita majirani waje waone anavyodansi! Nilitaka ardhi inimeze.

Goti hilo hurithiwa, akasema. Asizalishwe na dume yeyote, ndugu au si ndugu. Na nyonga zake ni nyembamba mno, anaweza kufa akizaa. Nimfungie ndani mpaka joto liishe, nisubiri kidogo, halafu nimrudishe afungwe kizazi. Akanionyesha namna ya kumsugua paja ili lipate nguvu.

Nimelia njia nzima. Madam hakujua ni kwa nini. Alinilamba sikio hivyo hivyo.

Alhamisi, 15 Mei

Mbuvi alikuwa ameshapata dume mwingine, wa Mashimoni. Si ndugu, akasema kwa fahari, nimeuliza mama yake ni nani! Nikamwambia aweke mkono hapa kwenye goti. Akaweka. Tak. Aliuondoa mkono kama aliyeguswa na pasi ya moto.

Habari za dume zikaisha hapo. Alisema neno moja tu: "Kwa Mama Hope utaenda wewe." Mwoga mkubwa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeenda asubuhi. Nilishuka na Madam kifuani. Nilimweleza Mama Hope yote, goti, nyonga, kufungwa kizazi. Nilingoja matusi.

Hakutukana. Alimpapasa Madam goti taratibu, akampa pole yeye kwanza, mimi baadaye. Akasema kumzalisha mnyama kama huyu ni dhambi. Nikapumua!

"Lakini mliniahidi mbwa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, lakini sasa watoto hawatakuwepo.

"Si huyu ni mbwa?"

Mama Hope ana kikapu tayari, na kigodoro alichokishona mwenyewe. Atamlipia daktari. Hatamzalisha, aliapa. Halafu akasema yeye anakaa chini, hana ngazi. Sisi tuko ghorofa ya tatu. Goti hilo na ngazi hizo, Kathini? Ni kweli. Ndiyo maana inaniuma hivi. Madam aliingia kwenye kikapu, akajikunja, akalala.

Nikamtoa. Mama Hope akasema sawa, nimuage vizuri, jioni atamtuma Hope amchukue.

Nilimwambia Mbuvi. Amekaa sakafuni tangu saa saba, anamsugua Madam paja.

Hope anabisha hodi sasa hivi. Niko kitandani nyuma ya pazia, naandika. Mbuvi ndiye aliyefungua, Madam yuko kwapani mwake. Hope anamsalimia, anasema ametumwa na mamake.

Mbuvi anamwambia hatuko nyumbani.

Hope anamtazama Madam. Sasa anauliza, na Madam?

Ametoka na sisi, anasema Mbuvi. Madam anamlamba kidevu.