Wifi, Ulianza na Dagaa Zangu

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo huko uliko, maana hata ukiwa kaburini Sengerema bado wewe ni mkubwa wangu. Nimechoka, wifi. Kiuno kinauma, mikono inanuka dagaa hata nikiisugua kwa sabuni ya unga, na mvua ya leo imenilowesha mpaka kwenye mifupa. Nimejifunga khanga kavu, na kabla sijawasha moto nimeona nikuandikie. Kuna maneno nimekaa nayo muda mrefu, na ni wewe uliyenizuia kuyasema.

Unakumbuka kaka yako aliponileta hapa Ilemela, msichana wa kulima pamba kutoka Bujora, sijui hata dagaa zinaanikwaje? Uliniona nimezirundika juu ya nyavu ukacheka hadi ukakaa chini. "We mke wa kaka, hizo dagaa au nguo chafu? Tandaza!" Ukachukua reki ukanionyesha, taratibu, mpaka kila moja ikapata jua lake. Tangu siku hiyo tulianika jirani pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, nyavu zangu za bluu, zako za kijani zilizochakaa, na mawe mawili katikati. Tuligeuza dagaa pamoja na kwenda kusali jumuiya pamoja, wewe ukiimba kwa sauti ya juu bila kujali kama umeupata wimbo au umeukosa.

Halafu kaka yako akafa. Kwenye msiba ulisema mbele ya watu kwamba ningemwahisha hospitali angepona. Labda ulikuwa uchungu tu. Mimi nami nilikuwa na uchungu, na sikukusamehe. Msimu mzima wa mvua hatukusemezana. Kanisani padri akisema tutakiane amani, nilipeana mkono na benchi zima nikakuruka wewe, kisha nikaenda kupokea Komunyo bila hata aibu.

Kisha ikaja siku ile nilipompeleka Marko, mwanangu wa mwisho, zahanati. Homa ilikuwa imempanda hadi anaweweseka. Nyuma niliacha dagaa zangu zote juani. Tukiwa kwenye foleni mvua ikashuka ghafla, nikajua basi, zimekwisha. Niliporudi jioni nilikuta mahali pangu patupu. Hakuna dagaa, hakuna nyavu. Lakini mlangoni kwako, chini ya turubai lako, niliona pindo la bluu limechungulia.

Nilichofanya unakijua. Sikuuliza mtu. Nilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa jumuiya, walikokuwa wanasali rozari, nikasema mbele ya wote kwamba wifi yangu ananiibia mimi mjane, tena mtoto wangu akiwa mgonjwa. Ulikuwa umekaa mkekani, nguo zako bado zina majimaji. Ulinitazama. Nilingoja ugombe ili nikujibu, maana maneno nilikuwa nayo mengi. Ukasema tu, "Kazichukue, wifi. Marko anaendeleaje?"

Nikazichukua. Zilikuwa kavu, na hilo nalo halikunifungua macho. Nikadhani aibu ndiyo imekufunga mdomo. Ilipita wiki nzima ndipo nikakuona unapimisha dagaa kwa yule mnunuzi wa chakula cha kuku. Zilikuwa nyeusi, zinanuka. Nikamuuliza jirani yetu, mama Kulwa, kulikoni wifi anauza dagaa za kuku. Akanishangaa. "Kwani wewe hujui? Mvua ile ilimkuta hana wa kumsaidia, na turubai ni moja. Tulimwona anakimbia tukajua anakwenda kwa zake. Alianza na zako."

Nilikosa pa kuuweka uso. Ungedhani nilikuja kwako mbio, lakini sikuja. Kiburi, wifi. Kila siku nilisema kesho, mpaka miguu yako ikavimba, binti yako akaja kukuchukua ukakae kwake Sengerema.

Ndipo nikapanda kivuko kukufuata. Njia nzima nilipanga maneno, vizuri kuliko ninavyopanga maungamo yangu kwa padri. Nikafika, nikapiga magoti mlangoni, nikafungua mdomo. Ukaniwahi. "Umekula?" Nikasema wifi, kwanza nisikilize. "Utasema ukishashiba." Binti yako akaleta ugali wa muhogo na dagaa. Ukanisogezea bakuli. "Kula, hizi siyo za kuku." Ukacheka wewe, nikacheka na mimi, huku machozi yananidondoka kwenye ugali, na binti yako hakuelewa tunacheka nini. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Kila nikianza, unaniuliza habari za Marko, unaniuliza kama ziwa limejaa. Nilipoaga ukanipa lile turubai, ukasema huku halikusaidii kitu. Kiangazi kilichofuata tukakuzika.

Nikuambie ukweli, ulinikera. Kusamehewa kabla hujaomba kunachosha, mtu unabaki na maneno yako kifuani hujui uyapeleke wapi. Kwenye jumuiya wenzangu wanashuhudia neema ya Mungu: huyu mwanae kafaulu mtihani, yule kapona, mwingine kapata kiwanja. Wakinifikia mimi nasema namshukuru Mungu kwa uzima, nakaa. Nitawaambia nini? Kwamba huruma ya Mungu mimi niliiona, ilikuwa imelowa, nami nikaiita mwizi? Katekista anafundisha kwamba Mungu hangoji tumstahili. Watu wanaitikia amina. Mimi huangalia chini.

Sasa sikia ya leo. Mahali pako siku hizi anaanika mama Jeni, mke wa kijana mmoja mvuvi. Juzi aliutangazia mwalo mzima kwamba kila alfajiri nasogeza mawe ili nimege nafasi yake. Mimi, na kiuno hiki! Tangu hapo hatusalimiani. Leo mchana alikuwa sokoni, wingu likaja kutoka ziwani, zito, jeusi. Nilisimama kwenye yale mawe yetu na turubai lako mkononi. Ningependa kukuambia kwamba nilisali. Sikusali. Nilikutaja wewe, na wala sikukutaja kwa wema. Halafu nikaanza na zake.

Nilinung'unika kila nilipoinama. Nilimsema yeye, nikakusema wewe, na Mungu naye nikamwambia yake. Nilipomaliza kuzifunika ndipo nikarudi kwa zangu. Niliokoa robo hivi. Zilizobaki ni za kuku.

Mama Jeni alirudi anakimbia, kapu kichwani. Akaona turubai, akaona nyavu zangu, akaniona mimi nilivyolowa. Akapiga goti kwenye tope. "Shikamoo mama. Mama, mimi juzi..." Nilijua yanayokuja, wifi, na sikuwa na nguvu ya kuyasikiliza. Nilitaka kukaa chini tu. Nikamuuliza, "Umekula?"

Lilinitoka lenyewe. Nilirudi nyumbani, nikakaa kwenye kigoda, nikacheka peke yangu mpaka nikalia. Miaka yote hii nilidhani umenizidi utakatifu. Kumbe labda ulikuwa umechoka tu kama mimi leo, miguu inakuuma, huna hamu ya maneno marefu, unataka nile nishibe tukae. Na Mungu akaniokota hapo hapo, kwenye uchovu wako. Sijui leo kama ameupata na uchovu wangu, autumie hivyo hivyo. Nadhani ameupata.

Lakini yangu bado sijayasema, na safari hii hutanikatiza. Nilikosea, wifi. Nilikuita mwizi mbele za watu, nawe ulikuwa umelowa kwa ajili yangu. Nisamehe. Naomba unisamehe.

Na kabla hujaniuliza: nimekula. Mama Jeni alipiga hodi nikiwa naandika, akaleta uji wa moto.

Pumzika, wifi. Mawe yako yapo palepale.

Ni mimi,
mke wa kaka yako